Fundi wa viatu aliyewafunza walimwengu kucheza hadithi

ZIWA, mji mdogo ulio kaskazini mwa Eldoret katika nchi ya mahindi na ngano ya Uasin Gishu, una wajina wake wa mbali. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, upo mji uitwao Lake Geneva, ambao nao ulipata jina kutokana na ziwa. Wakazi wa miji hiyo miwili hawajuani. Hata hivyo, kijana wa Ziwa akirejea kutoka chuoni likizoni na mfuko wa dadu za nyuso ishirini, karatasi zilizojaa tarakimu na kitabu chenye picha ya joka kwenye jalada, huwa amebeba kitu kilichozaliwa Lake Geneva.

Mzazi akiziona dadu hizo hudhani ni kamari. Akimwona joka na mchawi, hudhani ni jambo baya zaidi. Asilaumiwe, maana huko huko Marekani wazazi waliwahi kuingiwa na hofu iyo hiyo, na mtu aliyelazimika kuwajibu ni mwanamume mwenye ndevu na miwani aliyeitwa Ernest Gary Gygax. Anayetaka kuufahamu mchezo huo kwa mara ya kwanza hana njia fupi kuliko kuyafuata maisha ya mtu huyo, kwa sababu aliuandika akiwa hana kazi ya maana, akaujaribu kwa watoto wake, na hatimaye ukamponyoka.

Gygax alizaliwa jijini Chicago mnamo Julai 27, 1938. Babake alikuwa mhamiaji kutoka Uswisi aliyewahi kupiga fidla katika okestra mashuhuri ya jiji hilo kabla ya kugeukia biashara ya kuuza suti. Mvulana alipofikisha umri wa miaka minane, familia ilihamia Lake Geneva, nyumbani kwa ukoo wa mama. Huko aliishi maisha ambayo kijana yeyote wa mashambani angeyatambua: kuzurura msituni na kuingia mahali palipokatazwa. Palikuwa na jengo kubwa la hospitali ya zamani lililohamwa, na chini yake mahandaki yenye giza. Gary na wenzake waliyapenya mahandaki hayo, kila mmoja akimtisha mwenzake.

Darasani hakung'ara. Babake alifariki mwaka wa 1956, na kijana akaiacha shule ya upili bila kuhitimu. Alijiunga na jeshi la wanamaji kwa muda mfupi, akaruhusiwa kuondoka kwa sababu ya ugonjwa wa mapafu. Mwaka wa 1958 alimwoa Mary Jo Powell, na katika miaka iliyofuata wakajaliwa watoto watano. Ili kuwalisha alifanya kazi katika kampuni ya bima mjini Chicago, akisafiri kwa gari moshi kwenda na kurudi.

Usiku ulikuwa wake. Alisoma hadithi za mashujaa wenye panga na za wachawi katika majarida ya bei nafuu, akacheza sataranji, kisha akanaswa na michezo ya vita inayochezwa mezani kwa vikosi vya askari wadogo wa kuchezea. Michezo hiyo ilikuwa na historia ndefu. Maofisa wa Prussia waliitumia kujifunza mbinu za vita katika karne ya 19, na mwandishi Mwingereza H.G. Wells aliwaandikia raia wa kawaida kanuni zake mwaka wa 1913. Mnamo Agosti 1968 Gygax alikodi ukumbi mmoja mjini Lake Geneva kwa dola 50 na kuwaalika wapenzi wa michezo hiyo kutoka pande mbalimbali. Mkutano huo, Gen Con, ungali unafanyika kila mwaka, ingawa ulihama mji huo zamani.

Katika mkutano wa pili, mwaka wa 1969, alikutana na kijana kutoka Minnesota, Dave Arneson. Jina hilo lazima likumbukwe, kwa kuwa ndilo husahaulika.

Mnamo 1970 Gygax alifutwa kazi katika kampuni ya bima. Akiwa na mke na watoto wa kulisha, alijifunza ushonaji wa viatu, akaweka mashine katika chumba cha chini ya nyumba yake na kuanza kubandika soli na kushona nyayo za majirani. Baina ya kiatu na kiatu alikuwa akipiga taipu. Mwaka wa 1971, yeye na Jeff Perren walichapisha kijitabu cha kanuni za vita vya enzi za mashujaa wa deraya, kiitwacho Chainmail. Mwishoni mwa kijitabu hicho aliongeza kurasa chache kuhusu majoka, majitu na wachawi. Baadhi ya wapenzi wa michezo ya vita walizipuuza kurasa hizo wakiziona kuwa mzaha wa kitoto.

Arneson hakuzipuuza. Mwenzake wa Minnesota, David Wesely, alikuwa tayari amejaribu mchezo ambamo kila mchezaji, badala ya kuamuru jeshi zima, alishika nafasi ya mtu mmoja. Arneson aliuchukua mtindo huo, akaupeleka katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor na kuwateremsha wachezaji katika mahandaki chini ya ngome. Aidha, aliwaruhusu kubaki na mhusika yule yule wiki baada ya wiki, mhusika akizidi kupata uzoefu. Mwishoni mwa 1972 alisafiri hadi Lake Geneva kumwonyesha Gygax jinsi mchezo ulivyokwenda. Fundi viatu aliinuka mezani usiku huo akiwa mtu mwingine.

Alichora ngome yake mwenyewe, Greyhawk, na mahandaki chini yake, kisha akawaita wachezaji wa kwanza. Hao walikuwa watoto wake wawili, Ernie na Elise. Hapo ndipo anayeanza anapopaswa kuvuta kiti na kusikiliza, kwa sababu lile lililofanyika usiku huo ndilo hufanyika hadi leo.

Baba alikuwa na ramani, akaificha. Kazi yake ilikuwa kusimulia: mpo mlangoni, mbele kuna ngazi za mawe, mnasikia mkwaruzo. Kisha akanyamaza na kungoja. Watoto hawakuwa wasikilizaji wa hadithi jinsi sisi tulivyoketi mbele ya nyanya zetu, tukisubiri fisi adanganywe na sungura kwa namna ile ile tuliyoizoea. Walikuwa ndani ya hadithi. Walipaswa kusema watafanya nini: washuke, wawashe mwenge, au wakimbie. Hakuna aliyejua mwisho, hata baba mwenyewe.

Kabla ya kushuka, kila mchezaji huwa na mhusika wake. Katika kanuni zile za kwanza, mwamuzi alirusha dadu tatu mara sita ili kila mchezaji apate alama za mambo sita: nguvu, akili, busara, uthabiti wa mwili, wepesi na haiba. Alama hizo huwa kati ya 3 na 18. Mwenye nguvu nyingi angekuwa mpiganaji, mwenye akili angekuwa mchawi, na mwenye busara angekuwa kasisi. Jambo lisilo na shaka halihitaji dadu. Akisema anafungua mlango usiofungwa, mlango umefunguka. Dadu huitwa pale ambapo matokeo yanaweza kwenda huku au kule: upanga utampata adui au utakata hewa? Mhusika hupewa pia hesabu ya uhai, na kila jeraha huipunguza. Ikiisha, amekufa, na mchezaji huandaa mwingine. Hakuna fedha inayowekwa mezani, wala mshindi. Wachezaji husimama upande mmoja, na anayewasimulia si adui yao bali ni mwamuzi.

Inasimuliwa kwamba usiku huo Ernie na Elise waliwashinda viumbe fulani na kulipata sanduku lililojaa maelfu ya sarafu za shaba, wakashindwa kulibeba kwa uzito wake. Hazina ipo, mabega hayatoshi! Nadhani sehemu hiyo inaueleza mchezo huu kuliko ukurasa wowote wa kanuni. Watoto walikwenda kulala, naye Gygax akaketi kuendeleza handaki kwa ajili ya kesho yake.

Wachapishaji walioletewa mswada hawakuutaka. Basi mnamo Oktoba 1973 Gygax na rafiki yake wa utotoni, Don Kaye, walianzisha kampuni yao, Tactical Studies Rules, iliyokuja kujulikana kama TSR. Kaye alikopa fedha kwa dhamana ya bima yake ya maisha. Brian Blume akaongeza dola 2,000, na Januari 1974 ukatoka mchezo wa Dungeons & Dragons, jina linalotaja mahandaki na majoka, ukiwa na majina ya Gygax na Arneson. Ulikuwa na vijitabu vitatu katika kisanduku kilichopakwa rangi ya mbao, kwa bei ya dola 10. Visanduku 1,000 vilipangwa kwa mikono nyumbani, vikaisha kabla mwaka haujakatika.

Hapana budi kusema ukweli kuhusu vijitabu hivyo: vilikuwa vigumu mno kueleweka. Mhariri yeyote akivisoma leo ataitafuta kalamu nyekundu. Viliandikwa kwa ajili ya watu waliokuwa tayari na mazoea ya michezo ya vita, hivyo mambo mengi ya msingi yaliachwa bila maelezo. Aliyenunua kisanduku peke yake alikaa akikuna kichwa. Kwa hiyo mchezo ulisambaa kama vile bao linavyosambaa: mtu aliketi na wajuzi, akatazama, akakosea, akasahihishwa. Aliyejifunza mjini Chicago alienda kuwafunza wenzake kwingine, na kila meza ikaziba mapengo kwa namna yake. Ilibidi mtu wa nje, J. Eric Holmes, daktari na profesa wa elimu ya mishipa ya fahamu, ajitolee kuandika upya maelezo ya wanaoanza. Toleo hilo lilitoka mwaka wa 1977. Gygax naye alijitosa katika vitabu vinene vya kiwango cha juu vilivyotoka kati ya 1977 na 1979.

Fedha zilipoingia, urafiki ulipungua. Kaye alikuwa amefariki kwa maradhi ya moyo mnamo Januari 1975, akiwa na umri wa miaka 36 tu, na hisa zake zikaishia mikononi mwa familia ya Blume. Tangu hapo Gygax alikuwa na hisa chache kuliko wenzake katika kampuni iliyomtegemea. Arneson aliondoka mwaka wa 1976, na mwaka wa 1979 akaenda mahakamani akidai malipo na kutambuliwa. Waliafikiana mwaka wa 1981. Katika shauri hilo siwezi kumtetea Gygax kikamilifu. Bila kalamu yake mchezo ungebaki sebuleni Minnesota, lakini bila safari ya Arneson ya 1972 hiyo kalamu isingekuwa na la kuandika.

Kisha ikaja hofu. Mnamo Agosti 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Michigan alitoweka, na mpelelezi wa kibinafsi akakisia kwamba alipotelea katika mahandaki ya chuo akicheza mchezo huo. Alipopatikana, ilibainika kwamba alikuwa na masaibu mengine. Magazeti yalikuwa yamekwisha kuandika, na mauzo, ajabu ya Musa, yakapanda. Miaka michache baadaye kikaundwa kikundi cha wazazi kilichodai kwamba mchezo huo huwaelekeza vijana kwenye ushetani na kujiua. Mnamo 1985 Gygax alijitokeza kwenye televisheni ya kitaifa kujitetea, na kwa sababu ya vitisho ikambidi aajiri mlinzi. Mtu huyo anayeshutumiwa kwa kumtumikia Ibilisi alikuwa kwa muda mfuasi wa Mashahidi wa Yehova, na hadi uzeeni alijitaja kuwa Mkristo. Utafiti uliofanywa baadaye haukuthibitisha kwamba mchezo huo husababisha vijana kujiua.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa salama. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika mwaka wa 1983. Wakati huo alikuwa Hollywood akishughulikia filamu, na katuni ya mchezo huo ikaanza kuonyeshwa mwaka uo huo. Aliporudi Lake Geneva aliikuta kampuni imezama katika madeni makubwa. Mapema mwaka wa 1985 alifaulu kuyatwaa madaraka na kumleta Lorraine Williams kuwa meneja. Ndugu wa Blume wakamuuzia Williams hisa zao, na katika kikao cha bodi mwezi Oktoba mwaka huo Gygax akavuliwa uongozi. Mahakama haikumrudishia. Mwaka wa 1986 aliondoka kabisa katika kampuni aliyoianzisha, na hata jina la mchezo halikuwa mali yake tena.

Alijaribu kuanza upya. Alimwoa Gail Carpenter mwaka wa 1987, akaandika riwaya na kubuni michezo mingine. Mmoja kati ya hiyo, uliotoka mwaka wa 1992, ulimfikisha mahakamani, kwani TSR ilimshtaki kwamba ameiga kazi yake mwenyewe ya zamani. TSR nayo ilielemewa na madeni, ikanunuliwa mwaka wa 1997 na kampuni ya Wizards of the Coast, ambayo ilimkaribisha tena mzee huyo kwa heshima.

Mwaka wa 2004 alipata kiharusi mara mbili. Aidha, aligunduliwa kuwa na uvimbe katika mshipa mkuu wa damu tumboni. Aliendelea kuwapokea wageni katika baraza ya nyumba yake, wengine wakiwa wametoka mbali na hawajawahi kumwona, akawaketisha mezani na kuwasimulia handaki lilivyo, kisha akanyamaza na kungoja watakalosema. Mnamo Machi 4, 2008, akiwa na umri wa miaka 69, alifariki nyumbani kwake Lake Geneva. Arneson alimfuata Aprili 2009.

Baada ya mazishi ya Gygax, waombolezaji walikusanyika katika ukumbi mmoja mjini humo, wakapanga meza na kutoa dadu mifukoni. Mwaka uliofuata walirejea, na kila mwezi Machi wapenzi wa mchezo huo bado hukutana kwa jina lake.