Umar bin Abdul-Aziz (Rahimahu-Llah) na Haki za Raia Wake



Ndugu zetu katika imani, yako maneno mawili ambayo kila yanapotajwa mambo ya watawala na haki za watu huyasikia mtu barazani. La kwanza ni kwamba haki za binadamu ni jambo la wazungu, Muislamu halimuhusu. La pili ni kwamba kiongozi akiwa anasali na anafunga basi aachwe, asihesabiwe anavyowatendea watu. Yote mawili tunayakataa, na hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta hoja. Tuchukue maisha ya mtu mmoja ambaye Ahlu Sunna wanamhesabu katika wema, na ndugu zetu Maibadhi wanamtaja kwa heshima, naye si mwengine ila Umar bin Abdul-Aziz, khalifa wa ukoo wa Umayya aliyefariki mwaka 101 Hijria.

Kina mama wetu wanakijua kisa cha binti muuza maziwa aliyekataa kutia maji ndani ya maziwa, Sayyidna Umar bin Al-Khattab (radhiya Allahu anhu) akamuozesha mwanawe Asim. Kwa upande wa mama, Umar bin Abdul-Aziz ni mjukuu wa Asim. Baba yake, Abdul-Aziz bin Marwan, alikuwa liwali wa Misri kwa miaka mingi, na ami yake Abdul-Malik alikuwa khalifa. Kwa hivyo mtoto huyu alizaliwa ndani ya utajiri na utawala. Alipelekwa Madina kusoma, akakaa na wanavyuoni, na hapo hapo alikuwa kijana wa manukato mazuri, nguo za thamani na mwendo wa maringo uliojulikana mji mzima. Akamuoa Fatima, binti wa ami yake Abdul-Malik.

Mwaka 87 Hijria, khalifa Al-Walid alimfanya liwali wa Madina. Umri wake ulikuwa kama miaka 25. Jambo la mwanzo alilofanya lilikuwa kuwaita mafaqihi kumi wa mji, miongoni mwao Urwa bin Az-Zubayr, Al-Qasim bin Muhammad na Salim bin Abdullah. Akawaambia kuwa hatokata jambo bila ya rai yao, na kwamba wakimuona mtumishi wake yeyote anamdhulumu mtu, basi wana wajibu wa kumfikishia habari. Wakati huo Iraq ilikuwa chini ya Hajjaj bin Yusuf, na watu waliokuwa wakikimbia upanga wake walikuwa wakija Hijazi wakipata hifadhi kwa Umar. Hajjaj akalalamika kwa khalifa, na mwaka 93 Umar akaondolewa. Liwali aliyekuja badala yake aliwakamata wale wakimbizi akawarejesha Iraq wamefungwa minyororo.

Lakini kabla ya kuondolewa kulitokea jambo ambalo baadhi ya wahadhiri hulipita kimya, nasi hatutolipita. Khubayb, mtoto wa Abdullah bin Az-Zubayr, alisema maneno yaliyowachoma watawala wa ukoo wa Umayya. Al-Walid akatuma amri apigwe. Umar aliitekeleza. Wapokezi wanakhitalifiana, wengine wanasema viboko 50 na wengine 100. Kisha akamwagiwa maji ya baridi katika siku ya baridi kali, akasimamishwa mlangoni mwa msikiti, na akafa. Alikuwa mtu wa elimu na ibada, na kosa lake lilikuwa maneno.

Umar hakujitetea kuwa aliamrishwa. Aliingiwa na huzuni iliyomkaa mpaka kufa. Kila akibashiriwa kheri kwa jambo jema alilolitenda, alikuwa akiuliza itakuwaje kwa Khubayb. Tunaona huu ndio ufunguo wa mambo yote yaliyofuata, kwa sababu mtu huyu alikwishajua uzito wa roho moja iliyotoka kwa mkono wake, naye alikuwa akitii amri ya mkubwa.

Mwezi wa Safar mwaka 99, khalifa Sulayman alikuwa mgonjwa huko Dabiq, Sham. Kwa shauri la mwanachuoni Raja bin Haywa aliandika waraka wa urithi wa utawala, akaufunga, akawataka jamaa zake watoe bay'a kwa jina lililomo bila ya kuliona. Waraka ulipofunguliwa jina lilikuwa la Umar. Watoto wa Abdul-Malik walikasirika na Umar mwenyewe akataharuki. Alisimama akawarejeshea watu bay'a yao wamchague wamtakaye, wakamtaka yeye. Wakamletea farasi wa kifalme, akawakataa, wakauzwa na pesa zikatiwa baytul-mal.

Usiku huo hakulala. Mchana alipotaka kujinyoosha kidogo, mwanawe Abdul-Malik, kijana mdogo, alimuuliza vipi atalala na mali za watu hazijarudi. Umar akasema atazirejesha baada ya Adhuhuri. Mtoto akamuuliza nani aliyemdhamini kuwa ataishi mpaka Adhuhuri. Baba akainuka. Wazee wenye watoto wa namna hii na wamshukuru Allah.

Alianza na nafsi yake. Hati za mashamba aliyogaiwa na makhalifa waliopita zilisomwa na mtumishi wake Muzahim, moja moja, naye akizichana. Bustani ya Fadak akairejesha katika matumizi yaliyokuwa zama za Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam). Kisha akamwendea mkewe. Fatima alikuwa na vito vya thamani kubwa alivyopewa na baba yake kutoka hazina. Akampa hiari, ama vito virudi baytul-mal au waachane. Akachagua kubaki naye, na hata alipofariki mumewe, nduguye aliyekuwa khalifa alipotaka kumrudishia, alivikataa.

Ndipo akawageukia jamaa zake. Mkristo mmoja wa Hims alikuja kumshitaki Al-Abbas, mtoto wa khalifa Al-Walid, kuwa ameihozi ardhi yake. Al-Abbas akatoa hati iliyoandikwa na baba yake. Umar akahukumu kuwa kitabu cha Allah kina haki zaidi ya kufuatwa kuliko hati ya Al-Walid, na ardhi ikarudi kwa Mkristo. Ukoo mzima ukaingiwa na hofu, wakamtuma shangazi yake, Fatima binti Marwan, akamsihi. Alimkaribisha kwa adabu zote anazostahiki shangazi, na hakubadilisha kitu.

Sasa tuje kwenye yale ambayo leo watu huyaita haki za binadamu. Adi bin Artah, liwali wake wa Basra, alimwandikia kuwa wako watumishi waliokula mali ya umma na hawatoi ila wakiadhibiwa, akaomba ruhusa. Umar alistaajabu kuombwa idhini ya kuwatesa watu, kama kwamba idhini yake itakuwa ngao mbele ya Allah. Akaamuru ashikwe kwa ushahidi aliyethibitikiwa, na anayekiri alipe alichokiri. Anayekanusha aapishwe na aachiwe. Aliona bora wakutane na Allah na khiyana zao kuliko yeye kukutana Naye na damu zao. Tunawaomba wasomaji wausome tena mstari huu, maana hawa hawakuwa watu safi waliosingiziwa. Walikuwa wezi, au walidhaniwa hivyo, na mali ilikuwa ya Waislamu. Hata hivyo kupigwa ili waseme hakukuruhusiwa.

Kwa wafungwa aliandika kuwa asifungwe mtu pingu zitakazomzuia kusimama kwa sala, wapewe posho ya chakula na nguo, wanawake wawekwe mbali na wanaume, na waliofungwa kwa deni wasichanganywe na wahalifu. Maliwali walitakiwa kuangalia hali za jela na wagonjwa waliomo.

Makhawariji walipotoka Iraq chini ya Shawdhab, hakuwapelekea upanga. Aliamuru wasiguswe maadamu hawajamwaga damu wala kufanya ufisadi, akawaita wajadiliane naye, wakatuma watu wawili. Mmoja wao aliridhika na hoja zake nyingi. Na juu ya mimbari alisimamisha ile ada mbaya ya kumtukana Sayyidna Ali (radhiya Allahu anhu), akaweka mahali pake aya ya 90 ya Surat An-Nahl, inayoamrisha uadilifu na ihsani. Kila Ijumaa khatibu wetu wa Unguja, Pemba, Lamu au Ngazija anapoisoma aya hiyo mwisho wa khutba, anaiendeleza kazi ya mtu huyu.

Katika kodi alikuwa mkali zaidi. Maliwali wa Misri na Khurasan walikuwa wakiendelea kuwatoza jizya watu waliokwishasilimu, kwa kuogopa hazina isipungue. Ujumbe ulikuja kutoka Khurasan, Waarabu wawili na mmoja katika wasiokuwa Waarabu. Wale wawili walisema, wa tatu akanyamaza. Umar ndiye aliyemtaka aseme. Akaeleza kuwa watu 20,000 katika mawali wanapigana jihadi bila ya posho, na idadi kama hiyo wamesilimu lakini bado wanalipa jizya. Liwali Al-Jarrah akaandikiwa awaondolee. Watu wakamiminika kusilimu, na baadhi ya wakubwa wakashauri wajaribiwe kwa kutahiriwa. Umar akakataa, kwa hoja kwamba Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alitumwa kulingania, wala hakutumwa kutahiri watu. Al-Jarrah akaondolewa mwaka 100.

Watu wa Samarkand wakashitaki kuwa mji wao ulitekwa na Qutayba bin Muslim kwa hadaa. Umar aliamuru kadhi asikilize. Kadhi, Jumay bin Hadir, akahukumu dhidi ya jeshi la Waislamu, kwamba watoke mjini warudi kambini, na jambo lianze upya kwa usawa, ima sulhu au vita. Wenyeji wenyewe ndio waliosema wameridhika na hali iliyopo, hawataki vita tena.

Na kwa Magharibi, wako wanawake wa kabila la Lawata waliokuwa mikononi mwa watu kama masuria, hali ya kuwa jamaa zao walikuwa na ahadi. Aliandika kuwa aliye na mmoja wao amposee kwa baba yake, au amrejeshe kwao. Visiwa vyetu vinajua habari za masuria, na ni vyema ijulikane kuwa swali la nani amechukuliwa kwa haki na nani kwa dhulma liliulizwa mapema hivyo, na khalifa.

Ziko pia riwaya kuwa aliwawekea wasiokuwa Waislamu masharti ya mavazi na vipando, na kuwaondoa katika baadhi ya kazi za serikali. Hatuzifichi. Anayetaka kumvisha Umar mawazo ya karne hii atashindwa. Haki kwake ilikuwa deni ambalo Allah ameliweka shingoni mwa mtawala, na mipaka yake ameiweka Allah. Ndani ya mipaka hiyo, Mkristo wa Hims alipata shamba lake kutoka kwa mtoto wa khalifa. Wangapi leo, chini ya katiba zilizojaa maneno mazuri, wanaweza kupata hivyo?

Liko jambo moja linalotugusa karibu, nalo ni la Oman. Watumishi waliotoka Basra waliwaudhi watu wa huko. Umar akampeleka Amr bin Abdullah Al-Ansari (wengine wanamwita Umar) awe liwali, na akaamuru zaka ya tende na nafaka itakayopatikana Oman igawiwe mafakiri wa Oman. Al-Ansari akakuta chakula kimeshauzwa na pesa zimepelekwa Basra. Umar akamwandikia Adi bin Artah azirejeshe pesa zile zirudi Oman, zitumike kama alivyoagiza.

Utawala wake ulidumu miaka miwili na miezi kama mitano. Mwanawe Abdul-Malik alimtangulia. Wapokezi wengi wanasema Umar alitiliwa sumu na mtumishi aliyehongwa dinari 1,000. Aliposhika kuwa ni yeye, alizichukua zile dinari akazitia baytul-mal, akamwambia aende zake pasipoonekana na mtu. Alifariki Rajab mwaka 101 (Februari 720) huko Dayr Sam'an, Sham, umri wake haujapita miaka 40. Watoto wake walirithi dinari chache tu, na ardhi ya kaburi lake aliinunua kwa mwenyewe.

Yazid bin Abdul-Malik akashika. Fadak ikachukuliwa tena, na Ifriqiya akapelekwa aliyekuwa katibu wa Hajjaj, akataka kuwarejesha waliosilimu katika jizya, watu wakamuua. Oman, Al-Ansari alipopata habari ya kifo cha khalifa, alimwendea Ziyad bin Al-Muhallab, akamwambia kuwa nchi hii ni ya jamaa zake, aishike. Akafunga mizigo yake akaondoka.