William Nagenda: Mhubiri Asiye na Kola

Katika mazishi mengi hapa Thika na Ruiru, kabla sisi wanakwaya hatujapata sauti ya kuanzia, kina mama wa Ushirika huwa wameshaanza Tukutendereza Yesu. Tunaiimba kwa Kiganda, na wengi wetu hatujawahi kufika Kampala. Kati ya waliotembea na wimbo huo ni William Nagenda, na jubilii hii tumeona tumkumbuke.

Alizaliwa Buganda mwaka 1912, akawa karani wa serikali kule Entebbe. Aliokoka mwaka 1936, akaacha kalamu na mshahara, akaenda Gahini, Rwanda, ambako kifo cha Blasio Kigozi mwezi Januari mwaka huo kilikuwa kimeacha pengo kubwa.

Baadaye aliingia chuo cha Mukono ili awe kasisi. Hapo ndipo palipozuka mambo. Nagenda na wenzake waliamka alfajiri kuomba na kuhubiri, wakakemea dhambi waziwazi bila kubagua mwanafunzi na mwalimu. Chuo kikapiga marufuku maombi hayo ya alfajiri. Wakakataa kutii, na mwaka 1941 wanafunzi 26 wakafukuzwa, Nagenda akiwa mmoja wao. Baadhi yetu ni walimu, na tunakiri kwamba mwanafunzi wa namna hiyo angetutoa jasho. Lakini hakuanzisha kanisa lake. Alibaki Mwanglikana, akahubiri bila kola maisha yake yote. Kwetu sisi tuliowahi kuona kwaya ikigawanyika kwa sababu ya sare, hilo si jambo dogo.

Akawa mtu wa safari. Pamoja na daktari Joe Church alifika Uingereza mwaka 1947 na India mwaka 1952, akiwahubiria hata wale waliowatuma wamishonari kwetu.

Hapa Kenya moto ulikuwa umeshawaka tangu kikundi cha wahubiri kutoka Rwanda na Uganda kilipofika Kabete mwaka 1937. Ikafuata mikutano mikubwa, Kahuhia mwaka 1947 na Kabete mwaka 1949. Barabara ya kwenda Kahuhia kutoka Nairobi inapita hapa hapa kwetu. Watu walitubu mbele za watu, wakarudisha vya wizi, wakaitana ndugu bila kujali kabila. Ilipokuja hali ya hatari mwaka 1952, Wandugu wengi wa Ugikuyu walikataa kiapo, na wengi wakakataa pia bunduki ya serikali. Walichukiwa pande zote mbili, na wengine waliuawa.

Nagenda aliugua kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1973.

Tukutendereza ni wimbo wa mwisho katika ratiba ya leo. Haumo katika faili zenu za nota. Wazee wa Ushirika ndio wataanzisha, nasi kwaya tutawafuata.