Carl Sagan: Mtetezi wa kamera angani

Marekani ilipokipeleka chombo chake Mariner 2 kwenye sayari ya Zuhura mwaka 1962, chombo hicho hakikubeba kamera. Baadhi ya wataalamu waliamini kuwa picha ni za kuwafurahisha watu tu, wala si sayansi. Kijana mmoja, Carl Sagan, alipinga: kamera, alishikilia, hujibu hata maswali ambayo hakuna aliyefikiria kuyauliza. Hakusikilizwa.

Sagan alizaliwa Novemba 9, 1934, mtaa wa Brooklyn, New York. Alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1960, akafundisha Harvard, na tangu 1968 alikuwa Chuo Kikuu cha Cornell.

Mwaka 1971 alikuwa miongoni mwa wanasayansi wa picha wa Mariner 9. Chombo hicho kiliikuta Mirihi imegubikwa na tufani ya vumbi. Vumbi lilipotulia, kamera zilifichua milima mikubwa ya volkeno na mabonde makavu yanayofanana na mito.

Kisha ikaja Voyager 1, iliyorushwa mwaka 1977. Kila picha yake iligawanywa katika vitone 640,000, na mwangaza wa kila kitone ukaandikwa kwa tarakimu. Tarakimu hizo zilisafiri kwa mawimbi ya redio hadi duniani, ambako kompyuta ziliiunda picha upya.

Chombo hicho kilipokwisha kuipita Zohali mwaka 1980, Sagan aliomba kamera igeuzwe nyuma, iipige picha Dunia. Wapo waliosita: picha hiyo isingeongeza elimu, na mwanga wa jua ungeweza kuiharibu kamera. Aliendelea kuomba kwa miaka mingi.

Februari 14, 1990, kutoka umbali wa kilometa bilioni 6, Voyager 1 ilipiga picha 60 za mwisho, kisha kamera zake zikazimwa. Katika mojawapo Dunia ilionekana ndogo kuliko kitone kimoja. Kwa Sagan, mle ndimo zilimotokea vita na dola zote za wanadamu, nayo ilikuwa sababu tosha ya kunyenyekea na kutunzana.

Alifariki dunia mjini Seattle Desemba 20, 1996, akiwa na umri wa miaka 62, kwa homa ya mapafu baada ya kuugua maradhi ya uboho. Julai 1997 chombo cha Pathfinder kilitua Mirihi na kutuma maelfu ya picha. Kituo hicho kilipewa jina lake.