Mwana wa Mfalme na Barafu

Wengi wetu tulivuka mpaka tukiwa na mtoto mgongoni. Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alizaliwa Madrid Januari 1873. Wiki mbili hazijapita, baba yake akaacha ufalme wa Hispania, na familia ikahama na kichanga chao.

Alipokua akawa mwanamaji. Mwaka 1899 meli yake, Stella Polare, ilitoka Norway hadi visiwa vya Franz Josef, kaskazini kabisa. Barafu iliibana ikatoboka, wakaishi kwenye mahema majira yote ya baridi. Baridi ilimla vidole viwili, akabaki kambini. Msaidizi wake Cagni aliendelea na mbwa wa kukokota mizigo, akafika nyuzi 86 na dakika 34. Watatu waliorudishwa njiani hawakuonekana tena. Sisi tunawafikiria hao zaidi, maana kwao walingojewa.

Mwaka 1906 Duke alifika huku kwetu. Alipita bonde la Mubuku pamoja na wapagazi Wakonjo, akakanyaga kilele cha Margherita tarehe 18 Juni. Barafu aliyoikuta Ruwenzori leo imebaki kidogo sana.

Alipougua sana alirudi Somalia, kijiji alichokianzisha. Alifia huko 1933, akazikwa hukohuko kwa kutaka kwake.