Manute Bol: Mrefu wa Kimo, Mkunjufu wa Mkono

Ni desturi ya chama chetu cha Kiswahili kuandika habari za watu mashuhuri waliotutangulia mbele ya haki. Wenzangu wengi huchagua wanasiasa na waandishi. Mimi nimemchagua mchezaji wa mpira wa vikapu, marehemu Manute Bol, mzaliwa wa nchi ambayo leo inaitwa Sudan Kusini.

Nina sababu mbili. Kwanza, hapa Thika tunakosomea na kule Ruiru ninakotoka, vijana wanaupenda sana mchezo huu, na baadhi ya wachezaji wetu hodari ni wanafunzi waliotoka Sudan Kusini. Watu huwatania barabarani kwa sababu ya urefu wao, eti hali ya hewa huko juu ikoje. Pili, siku moja chamani ulizuka ubishi mkali kumhusu marehemu huyu. Nusu ya wanachama walisema alikuwa shujaa, na nusu nyingine wakashikilia kuwa alikuwa mjinga wa mwisho. Nitakusimulia maisha yake hatua kwa hatua, halafu nitakuambia mimi nilisimama upande gani.

Manute Bol alizaliwa katika eneo la Turalei, kusini mwa Sudan, katika jamii ya Wadinka. Tarehe iliyoandikwa rasmi ni 16 Oktoba 1962, ingawa huko kijijini siku za kuzaliwa hazikuwa zikiandikwa popote. Baba yake alikuwa mzee wa kuheshimiwa, na ukoo mzima ulikuwa wa watu warefu. Kwa Wadinka ng'ombe ndio mali, ndio mahari na ndiyo heshima ya mtu, kwa hivyo Manute alikua akichunga mifugo. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia kwamba aliwahi kumuua simba kwa mkuki alipomkuta amelala. Sisi wa Ruiru tunaochunga ndama kando ya reli hatujajaribiwa kiasi hicho, tumshukuru Mungu.

Alipokua, alifikia kimo cha mita 2.31. Hebu simama kwenye mlango wa darasa lako ukadirie. Yeye angeinama sana ndipo apite, na ndani ya matatu ya abiria kumi na wanne sijui angekunjwa vipi. Ringi ya mpira wa vikapu huwekwa mita 3.05 kutoka chini. Wengine wetu tunaruka mpaka tunaishiwa na pumzi bila kuigusa, lakini yeye aliigusa akiwa amesimama tu, nyayo zote mbili ardhini.

Kumbe hakuanza na mpira wa vikapu! Alianza na kandanda, akaiacha kwa sababu ya urefu wake. Ni ndugu na marafiki waliomshauri ajaribu mchezo wa mikono, na wakati huo alikuwa tayari kijana mkubwa. Alijifunzia katika mji wa Wau, kisha akaenda Khartoum. Inasimuliwa kwamba mojawapo ya mara zake za kwanza kuutia mpira kikapuni kwa kishindo, meno yake yaligonga ringi yakavunjika. Mwingine angerudi kuchunga ng'ombe siku hiyo hiyo. Yeye alirudi uwanjani. Huko Khartoum hakupendwa na kila mtu, kwani watu wa kusini walidharauliwa na kuitwa majina mabaya. Hata hivyo alivumilia, akafika timu ya taifa ya Sudan.

Ndipo nyota yake ya jaha ilipong'aa. Kocha mmoja Mmarekani, Don Feeley, alikwenda Sudan kuwafunza wachezaji, akamwona, na mwaka 1983 akafanya mipango apelekwe Marekani. Hapa kuna kisa cha kuchekesha. Pasipoti yake ilionyesha kwamba ana urefu wa futi tano na inchi mbili, kwa sababu karani alimpima akiwa ameketi! Timu ya San Diego Clippers ilimchagua mwaka huo huo, lakini wakuu wa ligi ya NBA walikataa, wakisema sheria hazikufuatwa. Isitoshe, Kiingereza kilimpiga chenga. Ikabidi akae darasani mjini Cleveland ajifunze lugha kama mtoto wa nasari. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Bridgeport, jimbo la Connecticut, akacheza msimu wa 1984–85. Watu walijaa ukumbini kumtazama mchunga ng'ombe aliyepangua mipira kama mtu anayefukuza nzi.

Mwaka 1985 timu ya Washington Bullets ilimchagua, na safari hii hakuna aliyepinga. Wataalamu walitikisa vichwa. Walisema jamaa huyu ni mwembamba mno na kwamba majitu ya NBA yatamvunja kama muwa. Lakini wapi! Katika msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397, na mpaka leo hakuna mchezaji mgeni aliyewahi kuifikia idadi hiyo. Katika mchezo mmoja peke yake aliwahi kuzuia 15. Msimu wa 1987–88 alicheza pamoja na Muggsy Bogues, mwenye kimo cha mita 1.60 tu, yaani mchezaji mfupi kuliko wote katika historia ya ligi hiyo. Walipopigwa picha wamesimama bega kwa nyonga, dunia nzima ilicheka. Lakini mimi naipenda picha hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba uwanjani kuna kazi ya kila kimo.

Baadaye safari zake zikawa nyingi kama za dereva wa trela. Mwaka 1988 alihamia Golden State Warriors, ambako kocha Don Nelson alimruhusu kurusha mipira ya mbali, jambo ambalo halikutarajiwa kabisa kwa mtu wa kimo chake. Mwaka 1990 akaenda Philadelphia 76ers. Huko, mwezi Machi 1993, aliwatupia Phoenix Suns mitupo sita ya pointi tatu katika kipindi cha pili peke yake. Akapitia Miami Heat, akarudi Washington, akarudi Philadelphia, na mwisho akarudi Golden State. Alipomaliza NBA mwaka 1995 alikuwa amecheza mechi 624. Alikuwa amefunga pointi 1,599 na kuzuia mitupo 2,086. Yaani alizuia mara nyingi kuliko pointi alizofunga! Wengi wetu tukipewa mpira tunataka kufunga tu ndipo tushangiliwe. Yeye alijulikana kwa kulinda. Baada ya hapo alicheza pia nchini Italia, mpaka ugonjwa wa baridi yabisi ulipomlazimisha kuacha.

Sasa tuingie kwenye kiini cha ubishi wetu. Mwaka ule ule wa 1983 Manute alipoondoka kwao, vita vya wenyewe kwa wenyewe vililipuka Sudan kati ya serikali ya Khartoum na wapiganaji wa kusini. Vilidumu zaidi ya miaka ishirini, vikaua watu wapatao milioni mbili na kuwafukuza mamilioni makwao. Wakenya tunavijua vita hivyo, maana kambi ya Kakuma kule Turkana ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokuwa wametembea kwa miguu kutoka Sudan hadi Ethiopia na kisha Kenya. Manute alipoteza ndugu na jamaa wengi sana. Je, alifanya nini? Alitoa pesa. Alilisha wakimbizi, akatembelea kambi, akawaunga mkono viongozi wa kusini, na nyumba yake ikawa kimbilio la Wasudan waliofika Marekani. Inakadiriwa kwamba alitoa takriban dola milioni 3.5, karibu kila alichochuma.

Hapo ndipo wenzangu walipomcheka. Walisema, kwa hesabu za hapa kwetu, mtu mwenye pesa kama hizo angenunua ploti nusu ya Ruiru, ajenge fleti za ghorofa sita, akae akila kodi mpaka uzeeni. Si uongo. Tangu barabara kuu ya Thika ipanuliwe, mashamba mengi ya kahawa huku kwetu yamegeuka nyumba za kupangisha, na mtu asiye na ploti anaonekana hana akili. Na ni kweli pia kwamba Manute aliishia kuwa na uhaba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa Khartoum, mgonjwa, bila pesa. Alisimulia baadaye kwamba serikali iliwahi kumtaka awe waziri wa michezo kwa sharti la kubadili dini, naye akakataa. Alipotaka kuondoka alizuiwa, akishukiwa kuwasaidia waasi. Mwaka 2001 alifaulu kufika Misri, na mwaka 2002 akaingia Marekani kama mkimbizi, nchi ile ile aliyokuwa akishangiliwa na maelfu.

Mimi nilisimama upande wa marehemu, na sababu yangu iko nyumbani. Kaka yangu mkubwa anafanya kazi ya kibarua katika kiwanda kimoja hapa Thika. Kila mwisho wa mwezi, pesa zake nyingi huishia kwenye karo yangu, nauli yangu ya matatu kutoka Ruiru na dawa za nyanya. Rafiki zake walioajiriwa siku moja naye wana pikipiki, na mmoja tayari ana ploti. Wanamwambia kaka kwamba anachota maji kwa pakacha, maana mimi nikimaliza shule nitamsahau. Nilipowasikia wenzangu wakimwita Manute mjinga, nilijua kwamba kwa hesabu hiyo hiyo kaka yangu naye ni mjinga, na mimi ndio hasara yake. Basi nikasimama, nikauliza kama kuna mtu ukumbini ambaye hasomi kwa jasho la mwingine. Hakuna aliyeinua mkono. Wengine ni basari, wengine ni harambee, wengine ni shangazi. Simlaumu anayenunua ploti, na ningependa sana kaka yangu apate yake. Ninachosema ni kwamba pesa iliyomfikia mwenye njaa haijapotea, hata kama haina hati ya kumiliki.

Na Manute hakuacha kutoa hata alipobaki na mwili tu. Mwaka 2002 alikubali kupigana ndondi kwenye runinga na William Perry, aliyekuwa mchezaji wa kandanda ya Kimarekani, huku vidole vyake vikimuuma kwa baridi yabisi. Alishinda, na malipo yake yakaenda kwenye mfuko wa kuwasaidia Wasudan. Alisajiliwa na timu ya mpira wa magongo ya barafuni, kisha akasajiliwa kama mpanda farasi wa mashindano, mambo ambayo hakuyaweza hata kidogo. Watu walimcheka, naye akawaacha wacheke mradi kwao kukumbukwe. Mwaka 2004 alipata ajali mbaya ya teksi, akavunjika shingo. Mwaka 2006 alijiunga na matembezi ya wiki tatu ya kutetea uhuru wa watu wa Sudan, kutoka New York hadi Washington. Mwendo huo ni sawa na kutoka Ruiru hadi Thika zaidi ya mara kumi na tano.

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi hapa kwetu Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Baada ya hapo Manute alielekeza nguvu zake kwenye jambo moja: kujenga shule kwao Turalei, shule ya watoto wa dini zote. Alikwenda huko mwaka 2010 kwa shughuli za shule na uchaguzi, akakawia ingawa afya yake ilikuwa inazorota. Aliporudi Marekani alilazwa, na tarehe 19 Juni 2010 akaaga dunia mjini Charlottesville, jimbo la Virginia, kwa maradhi ya figo na ugonjwa mbaya wa ngozi. Alikuwa na umri wa miaka 47. Mwili wake ulirudishwa Turalei ukazikwa. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Hakuwahi kuiona bendera hiyo ikipandishwa.

Hata hivyo, mbegu haikuoza. Mwanawe, Bol Bol, alichaguliwa kuingia NBA mwaka 2019. Luol Deng, aliyekimbilia Misri na familia yake akiwa mtoto, alikutana huko na Manute akapata kwake moyo wa mchezo huu. Deng akawa nyota wa Chicago Bulls, kisha akaiongoza timu ya taifa ya Sudan Kusini hadi Olimpiki ya Paris mwaka 2024, ambako waliwalaza Puerto Rico 90 kwa 79. Siku chache kabla, mjini London, walikuwa wameshindwa na Marekani kwa pointi moja tu. Mimi niliposikia habari hizo, nilifikiria zile dola milioni 3.5 ambazo eti zilipotea.

Wenzangu wapendwa, ukimwona mrefu barabarani, mwache apite na urefu wake. Na ukirudi nyumbani leo jioni, mtazame yule anayekulipia karo, umwambie ahsante angali hai. Kaka, nawe ukilisoma jarida hili, ahsante. Mola ailaze roho ya Manute Bol mahali pema peponi.