Salum Abdallah: Mwasisi wa Cuban Marimba na Santuri Zilizorejea Sokoni

Historia ya Njombe na ya Morogoro ziliunganishwa na mkonge. Katika miaka ya 1940 na 1950, Wilaya ya Njombe ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotoa vibarua wengi kwa mashamba ya Tanga na Morogoro. Wabena, Wakinga na Wapangwa walijiandikisha kuwa manamba ili wapate fedha ya kodi, wakapita Makambako na Iringa, safari ya zaidi ya kilomita 400 hadi Morogoro. Mji huo ulikuwa na reli, masoko na madansi, na mwanamuziki wake mashuhuri alikuwa Salum Abdallah Yazidu, aliyejulikana kwa herufi za jina lake, SAY.

Alizaliwa Morogoro mwaka 1928, baba akiwa na asili ya Kiarabu na mama Mluguru. Tangu ujanani alivutiwa na santuri za GV zilizoleta muziki wa Cuba Afrika Mashariki. Mapenzi hayo yalimfanya atoroke nyumbani akikusudia kufika Cuba kwenyewe, lakini safari iliishia Mombasa. Wapo watakaouona utoro huo kuwa ujinga wa kijana. Hata hivyo, alichokikosa ng'ambo alikijenga nyumbani. Mwaka 1948 alianzisha bendi ya La Paloma, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Cuban Marimba.

Wakati huo neno jazi halikumaanisha hapa nchini kile kilichopigwa na bendi kubwa za Marekani na wapuliza saksafoni wake. Lilikuwa jina la bendi yoyote ya dansi, kama Morogoro Jazz iliyoanzishwa mwaka 1944, ambayo ndiyo iliyokuwa mshindani mkubwa wa Cuban Marimba. SAY alichukua mapigo ya rumba na cha-cha-cha, akayavika Kiswahili fasaha. Aliimba mapenzi na mwenendo wa watu, na baada ya Uhuru akaimba pia kuwatukuza wanawake wa Tanzania. Nyimbo zake zilirekodiwa na lebo ya Mzuri ya Mombasa, mji uleule uliokatisha safari yake.

Alifariki dunia mwaka 1965 kwa ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 37 hivi. Uongozi wa bendi ulichukuliwa na Juma Kilaza, ambaye naye alijijengea jina kubwa.

Mwaka 2000, kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilitoa upya nyimbo zake za kati ya 1955 na 1965 katika albamu iliyoitwa Ngoma Iko Huku. Nyimbo zilizokuwa zimebaki kwenye santuri chache zilizochakaa zikapatikana tena.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Bunge lilikuwa limetunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayolinda kazi ya mtunzi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria hiyo ilipopatikana, SAY alikuwa amekwisha kufariki kwa miaka 34. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa tungo zake ulifikia kikomo mwishoni mwa 2015, na muda wa warithi wake kunufaika chini ya sheria hiyo ulikuwa takriban miaka 16 tu.