Miruts Yifter: Kafupi kalikowatesa warefu

Watanzania tunamkumbuka Suleiman Nyambui kwa medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Aliyemnyima dhahabu siku ile ni Miruts Yifter wa Ethiopia, jamaa wa sentimita 162 tu, kichwani upara mtupu.

Yifter alikuwa mtoto wa Adigrat, Tigray, na alikimbia akiwa mwanajeshi wa Jeshi la Anga. Silaha yake ilikuwa moja. Anajificha katikati ya kundi mpaka unasahau kama yupo, halafu zikibaki kama mita 300 anachomoka. Wenye miguu mirefu walijua kabisa kinachokuja, na bado hawakumkamata.

Ila bahati ilimchezea sana. Mwaka 1971 kule Durham, Marekani, alikosea kuhesabu mizunguko ya mita 5,000, akasimama akidhani kamaliza, kumbe bado mmoja. Kesho yake akarudi na kushinda mita 10,000. Munich 1972 alipata shaba ya mita 10,000, lakini mbio za mita 5,000 zikampita kwa sababu alichelewa kufika. Montreal 1976 ndiyo hakukimbia kabisa. Ethiopia ilisusa pamoja na nchi nyingi za Afrika, ikiwemo Tanzania, na Filbert Bayi wetu naye akabaki nyumbani.

Alipotua Moscow wengi walimwona mzee. Julai 27 akabeba dhahabu ya mita 10,000, huku Lasse Virén, bingwa wa 1972 na 1976, akiishia nafasi ya tano. Agosti 1 akaongeza ya mita 5,000 kwa dakika 13:20.91. Nyambui alikuwa nyuma yake kwa chini ya sekunde moja.

Ushindi ule ndio uliomtia moto mtoto mmoja wa Ethiopia aitwaye Haile Gebrselassie. Yifter mwenyewe alimalizia maisha yake Canada, akafariki Toronto Desemba 2016.

Huku kwetu Mbuba, timu ya UMISSETA ikichaguliwa, macho huanza kwa warefu. Kafupi ka mwisho wa mstari kanarudishwa darasani. Mwalimu, kabla hujakarudisha, kape mizunguko 12 na nusu, halafu ukaangalie zikibaki mita 300.